Duanie na Udongo wa Kuazima

Walisema hataotesha hata jani moja. Alipootesha, wakasema hatavuna. Alipovuna na avenyi nzima ikanusa lengalenga yake ikichemka, wakasema hatarudisha udongo wa watu. Hilo la tatu ndilo walilolisema kwa muda mrefu na kwa ladha zaidi: kwenye bomba la maji, kwenye mlango wa kanisa, kwa kinyozi.

"Duanie kurudisha kitu cha mutu? Tangu lini?"

Ninaijua sauti hiyo kwa sababu nami nililelewa nayo. Nilitoka avenyi hii, mtaa wetu wa Goma, nikiwa kijana, nyuma ya mama yangu, siku ya vita ambayo karibu kila mtu alitoka. Tulipita mpakani Bunagana tukaishia kambi moja ya Uganda. Shangazi yangu aliyebaki nyuma alitangaza kwamba nitarudi na bunduki au sitarudi kabisa. Nilirudi na diploma ya kilimo. Nilisoma asubuhi na kubeba matofali jioni, na hakuna padri wala mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Leo diploma hiyo iko ukutani, nyuma ya kioo, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe juu ya parseli, kiwanja cha baba yangu, nyumba pekee kwenye avenyi yetu yenye tangi la kukingia mvua. Najisifu, ndiyo. Waliopaswa kunisifu walikuwa na shughuli ya kunicheka, kwa hiyo kazi hiyo naifanya mwenyewe.

Nasema hivi ili mjue kwamba sina haja ya kumpamba jirani yangu. Hakuwa mtu wa kupendeka. Jina lake silitaji. Hata yeye hakupenda litajwe. Tulimwita Duanie, kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa mtu wa forodha kwenye baryeri ya Bunagana, ule mti mrefu unaoshushwa kuzuia njia na kupandishwa mtu akishakaguliwa. Vita vilipoichukua Bunagana alishuka Goma kwa miguu akiwa na koti lake la kazi, kofia yake, na fimbo nyembamba ya chuma aliyokuwa akichomea magunia kutafuta vilivyofichwa ndani. Kuhusu mke na watoto hakusema, na hakuwa na uso wa kuulizwa.

Avenyi yetu ina pande mbili, na si kwa mpango wa shefu yeyote. Moto wa mlima wa volkano ulipoteremka mjini uliishia katikati yake. Upande wa kushoto ulizikwa, na mpaka leo ni mawe meusi yanayokata soli za viatu, na juu yake nyumba za mbao zimesimama kwa wasiwasi. Upande wa kulia ulibaki na udongo wake wa zamani. Sisi wa kulia tunaitwa upande wa udongo, wao upande wa mawe, na usifikiri ni majina tu. Mtoto wa kwetu akitaka kuoa wa kule, wazee huuliza maswali mawili zaidi.

Duanie alipata pa kulala upande wa mawe, kwa Mama Riziki, mjane aliyempa kibanda cha nyuma na kipande cha uwanja cha kulaza magodoro matatu. Mawe matupu. Hapo ndipo aliposema atalima.

Zamani, mtu wa upande wa mawe aliyetaka bustani alinunua udongo wa Kibumba, kaskazini ya mji. Ulishuka kwa lori, au kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ukiwa mweusi na laini kama unga wa kahawa. Lakini wakati huo njia ya Kibumba ilikuwa imefungwa na vita. Watu wa Kibumba walishuka wenyewe, na udongo wao ukabaki kule na wenye silaha. Basi asubuhi moja Duanie alivaa kofia yake, akavuka njia, akaanza kupita nyumba za upande wa udongo, moja baada ya nyingine.

"Nataka beseni moja ya udongo," alimwambia Mama Furaha, jirani yangu, ambaye ana ulimi na anajua anao. "Ya kuazima."

"Kuazima udongo? Muzee, udongo banaazima aje? Utaulala kisha uturudishie?"

"Nitaulimia. Kisha nitakurudishia."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitajua wewe ni mutu wa namna gani. Leta beseni."

Kwa watu wa milima ya Masisi, na wengi wa upande wetu walitoka huko, udongo wa parseli hautolewi hivihivi. Anayeondoka na udongo wako hushukiwa kwamba ameondoka na mavuno yako. Mtu wa kawaida angeomba kwa upole na angefukuzwa. Huyu aliomba kama aliyekuja kukagua, na watu wakacheka, na katika kucheka wakatoa. Walitaka kuona kichekesho kitaishaje.

Nami nilitoa beseni yangu. Nilimwazima kama wengine, sikumpa bure. Katika kazi yangu tunajua kwamba mtu akipewa bure hajifunzi, na nimefundisha watu wengi kuliko wanaoweza kuingia katika kanisa letu.

Pamoja na beseni, Duanie alidai kitu kingine kilichowachekesha zaidi: kitambaa. Ukanda mdogo tu, wa kitenge chako ulichochoka nacho, nguo yoyote iliyokuwa yako. Mama Furaha alimkatia kitenge cha njano. Papa Shukuru, fundi viatu wa pembeni, alimpa kamba ya kiatu, akifikiri anamdhihaki. Mimi nilimkatia kipande cha kravate, tai niliyovaa siku ya kupokea diploma. Alikipokea bila kutabasamu, akakikunja, akakitia mfukoni.

Neno lake kubwa lilikuwa "fungua." Alilisema mara nyingi kuliko "habari." Mtoto akipita na kifurushi, "fungua." Mama akirudi sokoni na kikapu, "fungua tuone." Hakuchukua kitu, alitazama tu, akaitikia kwa kichwa, akasema "pita." Mwanzoni watu walikasirika, baadaye wakazoea, na watoto wengine walikuja makusudi na makopo yenye panzi ili awafungulie na kuwaambia "pita."

Njia ya Kibumba ilipofunguka kidogo, kabla ya kufungwa tena, mwenye chukudu mmoja alimletea Mama Riziki gunia la udongo. Duanie alichoma ile fimbo yake ya chuma juu, ikaingia vizuri. Akachoma katikati, ikaingia. Akachoma chini, ikalia krr.

"Huku chini umefunga nini?"

"Udongo, papa."

"Udongo haulii. Fungua."

Chini kulikuwa na kokoto za volkano nusu gunia. Duanie hakupaza sauti. "Mimi mulinificha redio ndani ya maharagwe," alimwambia yule kijana, "mulinificha pombe ndani ya tumbo la ng'ombe aliyekufa. Weye unanificha mawe? Mawe, Goma? Rudi."

Koti la forodha alilivaa kila siku, hata kumwagilia. Vifungo vilivyobaki vilikuwa viwili. Akiwa na kofia kichwani na kopo lililotobolewa mkononi, alipita kati ya magunia yake asubuhi kama anayepanga mstari wa malori. Magunia yenyewe yalikuwa ya unga wa msaada, yaliyookotwa. Alisimamisha gunia, akaweka katikati kopo lisilo na kitako, akalijaza vijiwe vya volkano, akamwaga udongo pembeni, kisha akalivuta kopo juu kidogo na kujaza tena, mpaka ndani ya gunia kukawa na nguzo ya mawe ambamo maji yanashuka na kuufikia kila mmea. Ubavuni alitoboa matundu akachomeka lengalenga. Juu akapanda sukuma na pwaro, kile kitunguu cha majani. Namna hiyo ya kupanda ndiyo ninayofundisha mimi. Nilipomuuliza aliijulia wapi, alisema gunia ni gunia, na hakuna mtu Kivu nzima aliyetazama ndani ya magunia mengi kuliko yeye.

Asifikiri mtu kwamba alijua kila kitu. Maji kwetu ni kazi: bidoni, yaani madumu, kutoka ziwani, mgongoni mwa mama au kwenye chukudu. Kwa hiyo alikusanya maji ya kuoshea mchele, ya kuogea, na ya kufulia. Nilimwambia ya kufulia yana sabuni nyingi, yataunguza. Alinitazama kama mtu asiye na pasi ya kusafiria. Baada ya wiki chache lengalenga za magunia ya mbele zikawa njano.

"Papa, ni sabuni."

"Ni baridi."

"Baridi gani, na jua hili?"

"Baridi ya usiku. Wewe usiku unalala kwenye nyumba ya matofali, utajuaje."

Maji ya sabuni aliacha kuyatumia tangu siku hiyo. Kwamba ilikuwa sabuni, hakukubali hata siku alipoondoka.

Kulikuwa na jambo jingine tuliloshindania, na ndilo ninaloomba msomaji alikumbuke. Udongo wa kila nyumba aliuweka kwenye gunia lake peke yake, na shingoni mwa gunia akafunga ule ukanda wa mwenyewe. Udongo wa Mama Furaha ulikuwa mzuri, mweusi, wenye chembe nyekundu za tofali la nyumba yake ya zamani. Wa Papa Shukuru ulikuwa takataka: mchanga, makaa, vipande vya soli. Gunia la kwanza lilitoa majani mapana kama mkono. La pili lilitoa vijiti.

"Changanya, papa," nilimwambia. "Mzuri uusaidie mbaya. Yote yatazaa."

"Mali ya batu haichanganywi ndani ya depo."

"Hii si depo. Hii ni bustani."

"Kwako ni bustani."

Nilikuwa sahihi. Bado niko sahihi: kwa mboga, kuchanganya ni bora, na mtu yeyote mwenye diploma atakwambia hivyo. Lakini ilikuwa kama kuzungumza na ule mti wa Bunagana.

Aliendelea na ukaidi wake mpaka mwisho. Udongo ndani ya gunia hupungua; mmea unaula, maji yanauteremsha. Kila baada ya siku chache alivuka njia na ndoo kuomba maganda. Maganda ya viazi, ya ndizi, maganda ya mayai kwa waliokula mayai, majivu ya jiko. Maganda ya kwa Mama Furaha aliyaozesha akayarudisha kwenye gunia la Mama Furaha. Ya Papa Shukuru kwa Papa Shukuru. Watu waliomwona na ndoo mlangoni walisema, tazama, zamani alichukua magunia, sasa anaokota maganda. Walisema kwa sauti ambayo angeisikia.

Hakuwa na huruma kwa maneno yake pia. Kuhusu mawe yaliyozika avenyi alisema: "Ule moto ulipita bila karatasi, ndiyo maana hakuna wa kuushtaki." Kuhusu wenye silaha alisema vilevile. Na siku moja Papa Shukuru alipomtupia usoni kwamba forodha yote ni wizi, alijibu bila kuacha kupalilia: "Mimi niliiba kwa utaratibu. Hawa wa leo banaiba ovyo, mutu hajui hata apange foleni wapi."

Sijui kama alikuwa akitania. Alivyoitamka ile "utaratibu," ilikuwa kama mtu anayemkumbuka marehemu.

Alikuwa bahili. Jirani akimwomba jani la kuonjea mchuzi, alimwonyesha bei kwa vidole. Mama Riziki mwenyewe, mwenye uwanja, alipata fungu moja kwa wiki na halikuongezeka kwa sababu ya wageni. Lakini nilimwona akitoa, na ninasema jinsi alivyotoa ili mtu asije akamfanya mtakatifu.

Mama mmoja aliyekuwa akiishi kwenye mahema ya wakimbizi ya Lac Vert alikuja mjini kutafuta nguo za kufua. Alisimama kwenye uzio wa Mama Riziki akitazama magunia, kisha akamtazama mwenye koti.

"Ni weye," alisema.

"Ni mimi nani?"

"Wa Bunagana. Ulikamata vitenge vyangu. Nilikuwa na mimba, nikakulilia, ukaniambia nikae pembeni nisizibe njia."

Duanie aliweka kopo chini. "Vilikuwa na karatasi?"

"Havikuwa na karatasi. Vilikuwa na batoto nyuma yabo."

Nilikuwa pale, nimekuja kumwonyesha dawa ya wadudu ya pilipili na majivu. Duanie alichukua kisu, akakata lengalenga, nyingi, akazifunga kwa jani la mgomba, akazinyoosha juu ya uzio. Yule mama hakunyoosha mkono.

"Mboga ya duanie sili," alisema, akaenda zake.

Duanie alilitundika lile fungu kwenye msumari wa uzio. Lilinyauka pale. Wiki iliyofuata alitundika jingine, na hilo nalo likanyauka, kuku wa Mama Riziki wakalimaliza. La tatu liliondoka. Nilimwona yule mama akilichukua: alipita kama anayeangalia nyumba zingine, akalivuta, hakusalimu, hakugeuka. Ilikuwa hivyo msimu mzima wa mvua. Msumari, fungu, mkono. Hawakusemezana tena hata neno.

Nikamwambia, "Papa, sasa mmemalizana."

"Tumemaliza nini? Mimi nilikuwa kwenye sheria." Na alikuwa akikata fungu jingine la msumari.

Msimu uliofuata mvua ilizidi. Maharagwe ya upande wa udongo yalioza shinani, parseli moja baada ya nyingine, na mahindi yakalala. Magunia ya Duanie yalikuwa juu ya mawe, maji yanapita chini, hayakupata kitu. Ukitoka mlangoni kwako upande wa kulia unaona uozo. Ukiinua macho unaona, ng'ambo ya njia, kijani kitupu na mzee mwenye kofia anakikagua.

Ni nani aliyeanza kusema, sitamtaja. Mwenyewe anajua kwamba ninamjua. Walisema Duanie aliuchukua udongo na mavuno ndani yake. Walisema vile vitambaa ndivyo vilivyofanya kazi, amezifunga nyumba zetu shingoni mwa magunia yake, moja moja, kwa nguo zetu wenyewe. Na maganda? Kila siku alikuja kuchukua tulichokula. Yote tuliyoyacheka yakageuzwa ushahidi. Na kwa kuwa vita vilikuwa vimesogea tena na mizinga ya kaskazini ilisikika mchana, wakaongeza la lugha yake, na la kule alikotoka, kwamba ni kulekule wanakotoka wanaotufukuza.

Shefu wa avenyi aliita kikao. Nilisimama nikazungumza. Nilieleza kuoza kwa shina, nikaeleza maji yasipopata pa kutokea mizizi hukosa hewa, nikaeleza kwa Kiswahili chepesi bila hata neno moja la kitabu. Ulikuwa mhadhara mzuri. Ningeutoa mbele ya waziri.

"Diploma yako ni ya kwa batu," alisema Mama Furaha. "Huku kwetu haikusomea."

"Na weye pia ulipita Bunagana," akaongeza Papa Shukuru. "Mulijuana huko, tunajua?"

Ndivyo walivyonipokea, baada ya miaka yote, kwenye avenyi nilikozaliwa.

Duanie aliulizwa atasema nini. Alisimama, akaweka sawa kofia. "Munadai nini?"

"Udongo wetu," alisema Mama Furaha. "Si udongo wowote. Ule wetu. Usituletee mchanganyiko, kila mutu arudishiwe wake, na iwe beseni ya kilele, maana umezaa kwako."

Watu waliguna kwa kuridhika, kwa sababu lilikuwa jambo lisilowezekana, na ndiyo maana lilidaiwa. Shefu akasema: mvua za kwanza za kupanda zikifika kabla hajarudisha, watu wataingia kwa Mama Riziki, watapasua magunia, kila mtu achote anachoona ni chake, na muzee atafute avenyi nyingine. Mama Riziki alianza kulia. Duanie alisema neno moja tu, "Sawa," akaketi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa huko kulinichoma kuliko matusi yao. Nilitazama ng'ambo, nikaona vile vitambaa shingoni mwa magunia: njano, kamba ya kiatu, kravate yangu. Hakuwa amevifunga kwa ajili ya mboga. Alivifunga kwa ajili ya siku hii. Tangu asubuhi ile alipovuka njia na kofia yake, watu wakimcheka na kumpa, alijua kwamba wangemgeukia. Alikuwa amesimama miaka mingi kwenye mpaka, akitazama watu wanavyobadilika uso mara mti unaposhushwa. Alipanda, akavuna, akala, huku amejiandaa kushtakiwa.

Jioni ile nilimfuata kibandani. Alikuwa akikunja mkeka.

"Ukishawarudishia utabaki na nini, papa?"

"Magunia."

"Baki hapa. Nitakusemea tena."

"Ulisema vizuri," akanijibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kunisifu. "Hawakukosa kukusikia. Mimi nitaenda Lac Vert."

"Kule pia ni mawe."

"Ni mawe pande zote mbili."

Mara ya mwisho nilipomwona ni siku aliyorudisha. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa bado juu ya kila kitu. Mboga alikuwa ameshazivuna zote. Zilining'inia kwenye uzio wa Mama Riziki, fungu baada ya fungu, na aliyetaka alichukua. Wengi walichukua. Kisha akavaa koti, akafunga vifungo vyake viwili, akatoa gunia la kwanza akaliburuta kuvuka njia.

Nilikwenda kumsaidia.

"Acha," alisema. "Hujavaa nguo za kazi."

Alisimama kwa Mama Furaha. "Leta beseni yako. Ileile."

Mama Furaha alileta. Watu walikuwa wameshajaa. Duanie akafungua ule ukanda wa njano, akaulaza begani mwake, akainamisha gunia. Udongo ulimwagika mweusi na wenye unyevu, ukajaa, ukafanya kilele, ukaanza kuporomoka pembeni. Mama Furaha aliingiza vidole. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema si wake. Vidole vyake vikatoka na chembe nyekundu za tofali, za nyumba ambayo mumewe alikuwa ameijenga. Akazitazama.

"Ni wetu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Duanie alichukua ule ukanda begani, akamrudishia mkononi. "Ongeza sauti, shefu asikie."

"Ni wetu."

Akaenda nyumba ya pili. Ya tatu. Kwa Papa Shukuru udongo ulitoka na makaa yake na vipande vyake vya soli, na Papa Shukuru, ambaye alijua kabisa kwamba alitoa takataka, alisema yake ilikuwa na kilele kirefu zaidi ya hicho. Duanie aliinama, akakung'uta gunia, akaongeza kiganja. "Hiki pia ni cha kwako. Ni maganda ya ndizi zako." Kisha akamfungulia kamba yake ya kiatu. Hakuna aliyecheka. Kila beseni iliyojaa ilimnyang'anya mtu mmoja hadithi yake, na nyuso zilikuwa zikizidi kukunjana kadiri alivyolipa.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitoka na kumsubiri mlangoni.

"Papa, mimi sikudai."

"Najua."

"Basi baki nao. Nakupa."

Alikuwa anahema. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye vumbi la uso wake. "Ungenipa siku ile ya kwanza, ningepokea," alisema. "Siku ile uliniambia ni wa kuazima. Leta beseni."

Niliileta. Aliijaza udongo mpaka juu, akaupapasa kwa kiganja, akaweka kile kipande cha kravate juu ya kilele, kimekunjwa vizuri kama nilivyompa.

Akavuka kurudi kwa Mama Riziki, akamsalimu kwa mikono miwili, akatoka na magunia matupu yamekunjwa chini ya kwapa na ile fimbo ya chuma mkononi. Nyuma yake uwanja ulikuwa mawe matupu, yamefagiliwa. Watu walikuwa wamesimama wakiziba njia nzima, pale hasa moto wa mlima ulipoishia, wa udongo na wa mawe wamechanganyika. Shefu alianza kusafisha koo, nadhani alitaka kusema neno la heshima.

Duanie hakumngoja. Alitupitishia macho mmoja mmoja, kama alivyotazama mizigo.

"Nani bado anadai?"

Mama Furaha alikunja ule ukanda wake wa njano.

"Basi mufungue."

Tukasogea. Wa kulia wakaenda kulia, wa kushoto wakaenda kushoto, njia ikabaki wazi katikati, naye akapita na magunia yake, na hakuna aliyemuuliza amebeba nini.